Theluji kwa Sauti Nene

Piano ya hospitali ilikuwa na meno kumi na moja yaliyokufa, yote ya juu, upande wa kulia. Wauguzi ndio walioviita vibonyezo meno, nami nikafuata. Ilikuwa imeachwa na mlowezi mmoja wa upande wa Kiganjo aliyeuza shamba na kurudi kwao mara baada ya uhuru, ikaletwa kwa trela ya trekta ikiwa imefunikwa magunia ya viazi. Baridi ya Nyeri iliingia ndani yake, mchwa wakafuata. Ukibonyeza jino lililokufa ulisikia kishindo cha mbao tu, basi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa muziki na fasihi katika shule ya sekondari nje ya mji, nimetoka tu chuo kikuu nikiwa na shahada na tabia ya kubisha kila kitu. Sikuamini serikali, sikuamini mashindano ya kwaya, na kanisani nilikwenda kwa sababu moja tu: piano. Mimi na masista wa hospitali ya misheni tulikuwa na mapatano. Jumapili niliwapigia kinanda cha misa. Siku za kazi, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa wauguzi ulikuwa wangu. Mama yangu alifurahi mno kuniona nikishika njia ya kanisa. Sikumweleza.

Sista aliyesimamia wadi ya kifua kikuu alikuwa na miaka sitini hivi, mfupi, mwenye viatu vya kiume. Wagonjwa walidhani ni Mwitaliano kama wenzake. Ukimwita Mwitaliano alitikisa kichwa. Ukimwita Mhispania alinyamaza, na kunyamaza huko kulikuwa kukali zaidi. Kikuyu chake kilikuwa cha Othaya kabisa, kimejaa maneno ya akina mama wa soko, ila Kiswahili chake kilikwenda kwa kuchechemea kama chetu sote huku juu.

Siku moja ya Julai, ukungu umelala hadi madirishani, aliingia ukumbini na daftari la buluu mkononi.

"Mwalimu, wewe unaweza tia wimbo kwa maneno?"

"Inategemea ni maneno gani, Sista."

"Hii kitabu ni ya ndugu yangu. Yeye alikuwa anaandika mashairi. Alikufa kwa vita ya kwetu, akiwa kijana kama wewe. Nataka moja tu. Mtu mmoja aimbe, na piano. Mbele ya watu."

Nilifungua daftari. Chuoni nilikuwa nimesoma nyimbo za namna hiyo hadi macho yakauma, sauti moja na piano, za Kijerumani na za Kifaransa. Lugha hii sikuwahi kuiona.

"Ni Kihispania?"

"Ni Kikatalani."

"Kinazungumzwa na nani?"

"Na mimi," akasema. Akafikiri kidogo. "Hapa Nyeri, mimi peke yangu."

Nilifanya nilichozoea kufanya, nikabisha. Nilimwambia kwamba wimbo ambao hakuna anayeuelewa ni kelele zilizopangwa vizuri. Tulikuwa watu huru sasa, nikasema. Tulikuwa tunatafuta nyimbo zetu wenyewe, na mimi nilikuwa na nyimbo za Kikuyu za bibi yangu ambazo hakuna mtu amewahi kuziandika. Kwa nini nianze na za kwao? Na kama ni lazima, si tutafsiri kwanza, akina mama waelewe?

Alivuta kiti akaketi. Alinitazama mdomoni nilipokuwa nikisema, jambo ambalo nilidhani ni ukali.

"Kwetu shuleni kulikuwa na pete," alisema. "Pete ya chuma. Mtoto akisema Kikatalani badala ya Kihispania, mwalimu anampa hiyo pete. Anakaa nayo mpaka asikie mwingine akisema. Anampa yeye. Jioni, yule ako na pete ndiye anachapwa."

Nilicheka. Haikuwa heshima, lakini kicheko kilinitoka.

"Sisi kilikuwa kibao, Sista. Kina kamba, unakivaa shingoni. Ukisema Kikuyu tu, chako."

"Hapa? Kwenu?"

"Hapahapa. Kuna shule bado ziko nacho."

"Wewe ulivaa?"

"Karibu kila siku. Nilikuwa nabisha sana, na Kiingereza cha kubishia sikuwa nacho."

Yeye hakucheka. "Mimi nilivaa mara moja. Jioni ilikuwa karibu na hakuna mtu alisema. Nikaenda nje kwa ndugu yangu. Alikuwa mdogo, miaka sita. Nikamwuliza kama ako na njaa." Alifunga daftari na kulifungua tena. "Akajibu. Nikampa pete."

Nilijua hila hiyo. Kila mtoto aliyewahi kuvaa kibao anaijua.

Kisha akanieleza kuhusu masikio. Miaka miwili nyuma alikuwa ameambukizwa na wagonjwa wake mwenyewe. Sindano zilimponya kifua, lakini zilianza kula masikio, kama zilivyokula ya baadhi ya wagonjwa. Daktari alikuwa amemwambia kwamba hayatarudi, na kwamba hayatabaki yalivyo. "Labda Krismasi," alisema. "Labda Pasaka. Kwetu hii lugha ilikuwa ya jikoni. Sijawahi kusikia maneno ya ndugu yangu yakisemwa kwa sauti mbele ya watu. Nataka kusikia mara moja, kabla mlango haujafungwa."

Nilitoa penseli mfukoni.

Tulifanya kazi hivi. Alisoma mstari mmoja, nami nikagonga meza kwa kidole mahali sauti ilipokaza. Aliusoma tena, polepole, nikaandika kwa penseli wapi inapanda na wapi inashuka. Halafu nilimwuliza maana, neno moja moja, naye alinieleza kwa Kikuyu, kwa sababu Kikuyu chake kilikuwa na maneno ya nyumbani na Kiswahili chake kilikuwa cha wadi. Shairi lilikuwa la beti tatu. Katika ubeti wa kwanza kijana anaondoka kwao alfajiri. Mama amesimama mlangoni akikung'uta kitambaa cha meza, makombo ya mkate yanaanguka, na juu ya paa la nyumba mlima una theluji. Katika ubeti wa pili ameshafika mbali, anageuka, nyumba haionekani tena, inaonekana theluji tu. Katika wa tatu mtu wa ugenini anamwuliza kwao ana mali gani, naye anataja ileile. Kila ubeti unaishia kwa neno moja, theluji, ambalo kwao ni *neu*. Ni neno fupi na laini. Unaanza nalo meno yakionekana na kumaliza midomo imejikusanya.

Mara ya kwanza aliponisomea ubeti wa tatu nilitazama dirishani. Mlima wetu ulikuwa umefunikwa na mawingu kama kawaida ya saa zile. Nimeishi chini ya theluji ile maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba ni mali.

Mwimbaji nilimpata kituo cha polisi. Alikuwa koplo kutoka magharibi, mtu wa kwaya tangu utoto, amehamishiwa Nyeri akitokea Kerugoya, mwenye sauti ya besi ambayo kanisani ilifanya vioo vya madirisha vinung'unike. Nilipomwonyesha karatasi aliishika mbali kama hati ya mashtaka.

"Mwalimu, hii ni Kilatini ama ni laana?"

"Ni Kikatalani, Afande."

"Na nikiimba kitu siijui, si nitakuwa nashuhudia uongo?"

"Nitakueleza kila neno."

"Sawa. Lakini nikikamatwa, wewe ndiye ulinituma."

Alijifunza haraka kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kufundisha. Alikuja akiwa na sare, kofia juu ya piano, akasimama wima na kuimba kama mtu anayetoa ushahidi, na kwa wimbo ule kusimama huko kulifaa.

Mimi nilikuwa nimeandika sehemu ya piano kwa fahari kubwa. Chuoni tulifundishwa kwamba katika nyimbo hizi piano haimfuati mwimbaji kama mbwa; ina mawazo yake. Basi besi ilikwenda chini na mkono wangu wa kulia ukabaki juu, karibu kabisa na yale meno yaliyokufa, ukidondosha nota nyembamba moja moja. Hiyo ndiyo ilikuwa theluji. Mwishoni mwa kila ubeti, baada ya neno *neu*, nilimnyamazisha mwimbaji na kuacha nafasi ndefu ambamo nota hizo zilianguka zenyewe. Niliiona kuwa kazi ya mtu aliyesoma.

Sista alikuja kusikiliza mwishoni mwa Septemba. Aliketi hatua mbili kutoka kwangu, mikono mapajani. Tulipiga wimbo wote. Alitabasamu, akaitikia kwa kichwa, akasema ni nzuri, ni nzuri sana, akarudi wadini. Nilimgeukia koplo nikiwa nimejaa furaha. Yeye alikuwa anapangusa kofia.

"Huyu mama hajasikia, Mwalimu."

"Si ameitikia?"

"Ndiyo maana nasema. Mimi nimesimama kortini miaka sita. Mtu akiitikia kitu hajasikia, kichwa kinaenda mbele ya macho. Na umeona anaangalia nini? Mdomo yangu. Wewe ulipokuwa unapiga peke yako, alikuwa anangoja mdomo ifunguke."

Nilikasirika, kisha nikaogopa. Siku iliyofuata nilimwomba Sista aketi palepale, nikamwambia anyanyue mkono pale sauti itakapopotea. Nilianza chini kabisa, nikapanda jino kwa jino. Mkono ulinyanyuka nikiwa nimepita katikati kidogo tu. Niliendelea kupanda nikitumaini ataushusha. Hakuushusha. Kila chembe ya theluji yangu ilikuwa juu ya mstari ule. Nilikuwa nimemwandikia wimbo ulioanzia mahali masikio yake yalipoishia, na hakuna aliyenizuia kumwuliza mapema. Nilikuwa nimebisha kuhusu lugha, uhuru na bibi yangu, na jambo moja lililohitaji kuulizwa sikuliuliza.

"Usisikitike," alisema. "Ile ya chini nilisikia. Kama lori inapanda Karatina."

Nilichana karatasi zote. Oktoba nzima nilijaribu kuandika theluji kwa nota za chini na kila nilichoandika kilitoka matope. Jumamosi moja nilikwenda nyumbani, nikamkuta mama anaosha mikebe ya maziwa. Nilimwuliza, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwuliza, theluji ina sauti gani.

"Shahada yote ile na unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe, mama."

Aliinua mkebe, akaangalia ndani. "Wakati wa hali ya hatari askari wa mkoloni walitupeleka juu msituni kukata mianzi. Asubuhi kulikuwa kweupe mbali kule juu. Hakukuwa na sauti. Baridi ndiyo ilikuja, nayo haikutoka juu. Ilitoka ardhini. Ilianza kwenye nyayo, ikapanda magotini." Alipindua mkebe kwenye nyasi. "Kama hiyo ndiyo sauti, andika hiyo."

Niliandika hiyo. Mkono wa kushoto chini kabisa, sauti mbili zikipanda pamoja, polepole, zikikaribia magoti zinasimama. Mkono wa kulia niliushusha hadi ukakaribia kugongana na wa kushoto. Ile nafasi ndefu baada ya *neu* niliibakiza. Hiyo sikukubali kuitoa. Ilikuwa nafasi ya ndugu yake, nilijiambia. Mtu anasema neno halafu hakuna anayemjibu.

Tuliimba Jumapili ya pili ya Desemba, baada ya chakula cha mchana. Ukumbi ulijaa kuliko nilivyotarajia. Wauguzi walikuwepo, na wagonjwa walioruhusiwa kutoka wadini wakiwa na mablanketi mabegani, walimu wawili kutoka Kutus waliosikia kuna chai, na akina mama wa kanisa na vikapu vyao, wangu akiwa mstari wa tatu. Tulimweka Sista ubavuni mwa piano, upande wa nota nene, akiwatazama watu. Mimi nilikuwa nimewapa watu mgongo.

Kabla hatujaanza nilieleza shairi kwa Kikuyu, ubeti kwa ubeti, na neno la mwisho nikalisema mara mbili ili walijue. Huo ulikuwa ualimu wangu. Nikasema pia, kwa adabu, kwamba wimbo wa namna hii husikilizwa kimya.

Koplo aliimba ubeti wa kwanza. Sijamsikia akiimba vizuri hivyo tena. Alifika kwenye neno, akalishusha taratibu, akanyamaza, nami nikaanza ile nafasi yangu ndefu.

Nyuma yangu mtu akajibu. *Neu.*

Ilikuwa sauti ya mwanamke mmoja, ya chini, isiyo na haraka. Nilijua ni nani bila kugeuka. Kisha mstari wa tatu wote, kisha ukumbi. Walilijibu neno lile kama wanavyojibu kila wimbo tangu wazaliwe, kwenye palizi, harusini, kwenye mazishi. Kwetu mtu haachwi aimbe peke yake. Anayeimba peke yake ni mlevi au ni mtu aliyefiwa na hana jirani. Nilikulia ndani ya jambo hilo, na miaka mitatu ya chuo ilikuwa imenisahaulisha kabisa.

Nilibonyeza kwa nguvu zaidi ili wanyamaze. Walidhani nawahimiza. Katika ubeti wa pili nilimtazama koplo kwa jicho baya, nikimtaka aendelee haraka, asiwape mwanya. Afande yule alifanya kinyume. Alisema neno lake, akawageukia, akawangoja. Kufikia ubeti wa tatu mgonjwa mmoja alikuwa analijibu huku akikohoa, na nafasi niliyoitengeneza kwa ajili ya ukimya wa marehemu ilikuwa imejaa watu.

Tulipomaliza walipiga makofi, wakaenda kwenye chai. Nilibaki nimeketi, masikio yakiniwaka. Sista alikuwa na Krismasi moja, labda na Pasaka, na nilikuwa nimemharibia siku aliyoingoja. Nilimsogelea.

"Sista, nisamehe. Niliwaambia wakae kimya. Wameharibu."

Alinitazama mdomoni hadi nikamaliza.

"Sikusikia vizuri, Mwalimu," alisema. "Piano, kidogo. Afande, kidogo zaidi. Sitakudanganya."

Niliinama nikaanza kukusanya karatasi zangu.

"Lakini niliona." Akaonyesha viti vilivyokuwa vitupu sasa, safu kwa safu. "Mimi sasa nasoma midomo. Wagonjwa wanasema, naona. Leo nimeona neno ya kwetu. Huyu, na huyu, na mama yako, na yule wa blanketi. Wote pamoja." Alikusanya midomo yake mwenyewe, bila sauti, kunionyesha. "Kwetu shuleni ukisema hiyo neno, unafunga mdomo haraka. Hapa hakuna mtu alifunga."

Kisha aliniomba kalamu. Alifungua karatasi zangu, akatafuta ile nafasi ndefu, akanirudishia kalamu niandike mwenyewe. Niliandika: *wote*. Mara tatu, mwishoni mwa kila ubeti. Nakala aliyoipeleka baadaye kwa dada yake kwao ina neno hilo la Kiswahili katikati ya Kikatalani, na sijui huko walilielewaje.

Kwa vile mimi ni mimi, sikuridhika. Tukirudi mjini nilimwuliza koplo kama alimwamini, au kama Sista alisema vile kwa huruma tu, kumpoza kijana.

"Sasa hata wewe ni korti?" akasema. "Nilikuwa namwona wakati wote. Kichwa haikuenda popote. Alikuwa anahesabu watu, Mwalimu, na kidole, juu ya goti. Mtu wa huruma hahesabu."

Niliondoka Nyeri miaka miwili baadaye. Nimeandika nyimbo nyingine tangu hapo, za Kikuyu cha bibi yangu, na kwa kila moja nimekaa muda mrefu nikijiuliza kama nafasi ninayoiacha ni ya ukimya kweli au ni ya watu. Bado sina jibu linalofaa nyimbo zote.

Masikio ya Sista yalifungika kabla ya Pasaka, yote mawili, katika wiki moja. Aliendelea na wadi yake. Jioni nikienda ukumbini nilipita dirishani pake, naye alikuwa amemwinamia mtu kitandani au anaandika kadi. Nilingoja ainue macho. Nikisha kumpata, nilisema neno lile kwa midomo tu, bila sauti, jinsi alivyonionyesha.

Yeye alijibu kwa sauti. Hakuweza tena kuipima, kwa hiyo ilitoka kubwa mno, ikavuka wadi nzima hadi verandani, na wagonjwa walicheka, halafu mmoja wao, kwa mazoea, akaitikia.